Jinsi ya kuisikiliza Wish You Were Here ya Pink Floyd mpaka ikuingie: mwongozo kamili

Watu wengi wanaijua Pink Floyd kwa ile kava nyeusi yenye pembetatu na mwanga wa rangi, The Dark Side of the Moon ya Machi 1973, na wakishaisikiliza hiyo wanaishia hapohapo, wanaona wamemaliza. Mwongozo huu ni wa iliyofuata, Wish You Were Here, iliyotoka Septemba 1975, ambayo kwangu mimi ndiyo albamu yao bora na sitabishana na mtu. Shida yake ni moja. Mtu akiiweka mara ya kwanza anasubiri dakika mbili, tatu, nne, hakuna anayeimba, anasema mbona imepoa hivi, anaruka wimbo, anakuta wa pili nao unaanza na mlio wa mashine, basi anafunga anarudi kwenye mambo yake. Huyo hajaisikia bado.

Kama hujawahi kusikiliza roki ya progresivu usitishwe na jina, ni roki ya Waingereza wa mwisho wa miaka ya 60 na miaka ya 70 walioona wimbo wa dakika tatu unawabana, wakaanza kutunga nyimbo za dakika kumi mpaka ishirini, zenye sehemu sehemu, zinazobadilisha mwendo katikati, na wanataka albamu nzima uichukue kama kazi moja. Kuna bendi za aina hiyo zinapiga noti nyingi kwa kasi mpaka unachoka wewe msikilizaji, Pink Floyd walikuwa wavivu kwa maana nzuri, wanapiga noti chache halafu wanaiacha kila noti imalizie pumzi yake.

Na kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali: hii albamu imejengwa kwenye maungio. Ziko nyimbo tano tu, dakika 44 hivi kwa jumla, lakini kila wimbo unaingia kwenye mwenzake kwa sauti fulani, mara lifti, mara redio, mara upepo, na hizo sauti za katikati ndizo zinazokusimulia habari yenyewe. Ukizikata unabaki na nyimbo tano nzuri, ila hadithi imekuponyoka.

Hatua ya kwanza: tengeneza simu na spika

Anza na simu maana ndiko watu wanakoharibia. Ingia kwenye seti za programu yako ya muziki uzime shafo, hiyo najua unajua, lakini kuna nyingine wengi hawaijui, ile krosifedi, inayofifisha mwisho wa wimbo mmoja na kupandishia mwanzo wa mwingine juu yake. Kwenye sherehe ni nzuri, hapa ni sumu, kwa sababu wenyewe walishachanganya maungio yao studio kwa mikono na hawahitaji msaada wa simu yako. Halafu tafuta sehemu ya kucheza nyimbo bila mapengo uiwashe, maana programu nyingine zinaweka kimya cha nusu sekunde kati ya nyimbo na hicho kimya kinakata upepo vipande viwili.

Pakua albamu nzima kabla hujaanza. Ukitegemea bando lililobaki kidogo itakwama katikati, na ukisikilizia sehemu yenye matangazo ndio kabisa, hebu fikiria gitaa linalia polepole halafu mtu anaingia kwa kelele anakutangazia mkopo wa simu. Hakikisha pia umepata mpangilio wake halisi: Shine On You Crazy Diamond sehemu ya kwanza mpaka ya tano, Welcome to the Machine, Have a Cigar, Wish You Were Here, kisha Shine On tena sehemu ya sita mpaka ya tisa. Ukikuta Shine On imeunganishwa yote kwa pamoja ujue hiyo sio albamu, hapo kuna mtu kaamua kusaidia.

Spika ya simu hapana. Hedifoni za kawaida zinatosha, hata za bei ndogo, mradi zote mbili zinalia sawa, kwa sababu kuna vitu vinatembea kutoka sikio hili kwenda hili. Kama una sabufa nyumbani ni vizuri, ila punguza besi, hizi sabufa zetu zimetengenezwa kwa ajili ya kutikisa vioo na ukiacha besi juu hutasikia kinanda cha Richard Wright, na bila Wright hakuna albamu. Uzime na hizo nakshi zote za kwenye simu zinazoitwa kuongeza besi au sauti ya ukumbi.

Kuhusu kiwango cha sauti nina ushauri ambao utakusaidia kweli. Albamu inaanza chini sana, inapanda kidogo kidogo kutoka kwenye kimya, kwa hiyo mtu anapandisha sauti ili asikie, na gitaa na ngoma zikija kuingia anaruka kwenye kiti. Fanya hivi: peleka wimbo wa kwanza mbele mpaka kama dakika ya tano, pale bendi nzima inapopiga, weka sauti unayoipenda, kisha rudisha mwanzo na usiiguse tena mpaka mwisho.

Tafuta dakika 45 usiku ambazo hakuna anayekuhitaji. Basi, hiyo inatosha, habari za kuwasha mishumaa ni hiari yako.

Hatua ya pili: mjue Syd kwanza

Unaweza kuisikiliza bila kujua lolote na ukaipenda, lakini ukijua habari ya Syd Barrett unaisikia kwa masikio mengine kabisa.

Syd ndiye aliyekuwa kichwa cha bendi mwanzoni. Alizaliwa Cambridge mwaka 1946, jina lake halisi Roger Keith Barrett, yeye ndiye aliyeipa bendi jina kwa kuunganisha majina ya wanabluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council, na karibu nyimbo zote za albamu ya kwanza ya 1967 alitunga yeye. Alikuwa kijana mzuri wa sura, ana maneno, ana vituko vyake vya kisanii. Halafu ndani ya mwaka huohuo akaanza kupotea. Wenzake wanasema dawa ya kulevya ya LSD ilichangia sana, afya yake ya akili ikayumba, akawa anasimama jukwaani hapigi kitu, au anapiga noti moja hiyohiyo wimbo mzima.

Wakamleta David Gilmour, rafiki yake wa tangu Cambridge, wamefundishana gitaa wakiwa vijana, aje amsaidie. Kwa muda mfupi wakawa watano. Kisha Januari 1968 wako ndani ya gari wanaelekea kwenye shoo Southampton, mmoja akauliza, tumpitie Syd? na mwingine akajibu tusijisumbue. Wakaenda zao. Ndivyo alivyotolewa kwenye bendi yake mwenyewe, hakuna kikao, hakuna barua, hawakumpitia tu, na tangazo rasmi likaja Aprili.

Sasa ongeza miaka. Roger Waters, mpiga besi, anashika kalamu, The Dark Side of the Moon inalipuka dunia nzima, wanakuwa matajiri, na wanapoingia tena studio za Abbey Road London Januari 1975 wako hoi. Hawana wimbo, hawana hamu, ndoa ya Nick Mason mpiga ngoma inavunjika, wanapoteza muda. Walichonacho ni utunzi mmoja mrefu, Shine On, waliouanza kwenye chumba cha mazoezi King's Cross mwaka 1974 na wakaupiga kwenye ziara, unaomhusu Syd, pamoja na nyimbo nyingine mbili ambazo hazikuhusiana nao. Gilmour alitaka warekodi hizo tatu wamalize. Waters akasema hapana, tuupasue huu mrefu vipande viwili, nusu ifungue albamu na nusu ifunge, katikati tuweke nyimbo mpya zinazozungumzia kutokuwepo, mtu ambaye hayupo na sisi wenyewe ambao tupo studio lakini hatupo. Wakapiga kura, Gilmour akashindwa. Namshukuru Mungu alishindwa, kwa sababu uamuzi huo ndio albamu yenyewe.

Na lililokuja kutokea hata mtunzi wa riwaya angeogopa kuliandika. Tarehe 5 Juni 1975 wako Abbey Road wanashughulikia Shine On, anaingia mtu mnene, kanyoa kichwa kipara, kanyoa na nyusi, anazungukazunguka mle ndani. Kila mmoja anadhani ni mgeni wa mwenzake. Ilichukua muda ndipo mmoja akagundua kuwa yule ni Syd. Hawakumtambua, huku wimbo wanaoufanyia kazi ni wa kumlilia yeye. Inasimuliwa kwamba kuna waliotoa machozi palepale.

Hatua ya tatu: bonyeza, na usiruke kitu

Shine On You Crazy Diamond, sehemu ya kwanza mpaka ya tano, dakika 13 na nusu. Inaanza na sauti kama ya ukungu, imetanda tu. Ndani yake kuna glasi za mvinyo zilizotiwa maji, unalowesha kidole unakizungusha kwenye ukingo mpaka glasi inalia. Hiyo ni mabaki ya mradi wao mwingine, baada ya Dark Side walitaka kutengeneza albamu nzima kwa vyombo vya nyumbani bila ala yoyote ya muziki, wakahangaika wee mpaka wakaachana nayo, kilichookolewa ni glasi. Juu ya huo ukungu sinthesaiza ya Wright, kinanda cha umeme kinachobuni sauti zake chenyewe, inapita taratibu kama tarumbeta ya mbali, na mnamo dakika ya pili gitaa la Gilmour linaingia kuongea peke yake kibluzi, halina haraka, linasema neno linanyamaza, linasema tena.

Karibu na 3:54 kila kitu kinatulia na unasikia noti nne, B flati, F, G na E. Hapo ndipo uache unachofanya. Gilmour alizipata wakiwa mazoezini, Waters alipozisikia akasema kuna kitu hapo, zilimkumbusha Syd, na wimbo wote ukaota kutoka kwenye noti hizo nne. Sikiliza ile ya mwisho, hiyo E, inavyokataa kukaa sawa na zilizotangulia, inaacha swali linaning'inia. Anazirudia mara kadhaa, kila mara kuna nafasi kubwa kati yake, halafu ngoma za Mason zinaanguka na bendi nzima inaingia. Ukishasikia hilo pigo la ngoma baada ya dakika nne za kusubiri utaelewa kwa nini walikusubirisha.

Bado hakuna anayeimba. Kwenye rumba ya Kikongo tumezoea kuvumilia maneno ili tufike kwenye sebene, hapa sebene limetangulia na mwimbaji anakuja mwisho akiwa amechelewa kama dakika nane na sekunde arobaini. Ni Waters, sauti yake sio nzuri kivile, inakwaruza na inapanda kwa shida, na ndiyo inayofaa kwa sababu anaongea na rafiki, anamkumbusha alivyokuwa anang'aa ujanani na kumwambia aendelee kung'aa. Nyuma yake kuna akina dada wawili, Venetta Fields na Carlena Williams, wanaobeba kiitikio mpaka juu. Ukishafika dakika ya kumi na moja hivi Dick Parry anaingia na saksafoni, anaanza na ile kubwa ya sauti nzito kisha anabadilisha kwenda ndogo, na wakati anabadilisha utahisi kama mwendo umeongezeka mara mbili ingawa pigo la chini halijakimbia popote. Fuata mguu wako, utakwambia.

Inafifia, na chini yake mashine inaanza kunguruma. Ungio la kwanza hilo.

Welcome to the Machine. Hapa hakuna ngoma za kawaida, mdundo unatoka kwenye sinthesaiza inayopiga du-du-du kama moyo wa kiwanda, juu yake gitaa la kawaida la nyuzi, yaani mbao na chuma vimewekwa kitanda kimoja na mashine na havipatani. Maneno yanamhusu kijana anayekaribishwa kwenye biashara ya muziki na watu ambao wanajua kila kitu chake, mpaka ndoto zake wao ndio waliompa. Gilmour anaimba juu kabisa ya uwezo wake, kuna mstari mmoja haukufikika wakashusha kasi ya tepu kidogo ndipo akaupata. Wengi wimbo huu unawachosha mara ya kwanza na siwalaumu, mimi naupenda zaidi kwa hedifoni, kwenye spika unakuwa mgumu. Mwishoni subiri: lifti inapanda, inasimama, mlango unafunguka, na unatokea kwenye sherehe ya watu wanacheka na kugonganisha glasi. Yule kijana ndio ameshafika kwa wakubwa.

Have a Cigar, na mkubwa mwenyewe anaongea. Anampa msanii sigara, anamwita kipenzi, anasifia bendi, anasema mauzo yanakwenda vizuri, halafu anauliza kati yenu Pink ni yupi? Pink Floyd wenyewe waliulizwa swali hilo kweli na watu wa lebo, zaidi ya mara moja. Mdundo ni wa fanki, besi nzito, huu ndio wimbo utakaotikisa nao kichwa. Anayeimba sio mwanabendi, ni Roy Harper, mshkaji wao aliyekuwa anarekodi albamu yake Abbey Road kipindi hichohicho, maana sauti ya Waters ilikuwa imeshakauka kwa kuimba Shine On na Gilmour hakutaka kuuimba, hakukubaliana na malalamiko yaliyomo. Waters baadaye alijutia kumpa mtu mwingine, mimi naona Harper aliutendea haki, ana dharau fulani tamu kwenye sauti.

Sasa kaa macho. Gitaa la mwisho linapiga solo kubwa, limejaa, na ghafla sauti yote inanyonywa, vuuup, inakuwa ndogo kama ya redio ya mkulima. Hukukosea kitu, spika haijafa. Hilo ndilo ungio bora kuliko yote humu. Mtu anazungusha stesheni, kuna watu wanaongea, kuna kipande cha simfoni ya nne ya Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi, ilirekodiwa kutoka redio ya gari la Gilmour, halafu inatua kwenye stesheni moja ambayo gitaa la nyuzi kumi na mbili linapigwa, jembamba, la mbali.

Na hapo Wish You Were Here imeshaanza. Sikiliza kwa makini maana kuna mtu chumbani. Anakohoa. Anavuta pumzi. Kisha anachukua gitaa lake anaanza kupiga akifuatisha lile la kwenye redio, na gitaa lake ni kubwa, la karibu, unasikia mpaka vidole vinateleza kwenye nyuzi. Mtu mmoja yuko peke yake anapiga na mwenzake ambaye hayupo, yuko ndani ya redio, hamsikii. Hajaimbwa hata mstari mmoja na wimbo umeshakwambia kila kitu. Hiki kipande kwangu mimi ndio sababu albamu inadumu, wangeweza kurekodi magitaa mawili safi ya studio wakamaliza na ungekuwa wimbo mzuri wa redioni, wakaamua mmoja asikike kama hayupo.

Wimbo wenyewe unaujua hata kama hudhani unaujua, umepigwa kila baa yenye mtu mwenye gitaa. Mwishoni upepo unavuma na chini ya upepo, kama una hedifoni nzuri, kuna fidla kwa mbali sana. Ni Stéphane Grappelli, gwiji wa jazi wa Ufaransa, alikuwa Abbey Road anarekodi na Yehudi Menuhin, mpiga fidla mwenzake, wakamuomba apige, akalipwa pauni 300, halafu kwenye mchanganyo wa mwisho wakamshusha mpaka akawa kivuli na jina lake hawakuliandika. Toleo lenye fidla yake wazi lilikuja kutoka 2011. Litafute baadaye, sio leo.

Upepo unaendelea bila kukatika mpaka Shine On sehemu ya sita. Humu kuna gitaa la kulaza mapajani ambalo Gilmour anapandisha noti zake mpaka zinakuwa kilio, aya moja ya mwisho ya maneno, kisha fanki ya taratibu, kisha bendi nzima inapungua na anabaki Wright. Sehemu ya tisa aliitunga yeye peke yake na ina mwendo wa watu wanaotoka makaburini, hakuna anayemsemesha mwenzake. Kaa mpaka sekunde za mwisho kabisa. Muziki unapofifia kinanda chake kinapiga kipande kidogo cha See Emily Play, wimbo ambao Syd aliutunga 1967 ukawapa umaarufu. Ni noti chache tu na watu wanaomiliki hii albamu miaka mingi hawajawahi kuzisikia kwa sababu walishanyanyuka kuzima.

Hatua ya nne: itazame kava, tena itazame vizuri

Usiku huohuo au kesho yake tafuta picha ya kava ikiwa kubwa. Wanaume wawili wamevaa suti wanapeana mikono kwenye uwanja wa studio ya filamu ya Warner Bros. huko Burbank, California, na mmoja anawaka moto. Kweli anawaka, mwaka 1975 hakukuwa na kompyuta ya kudanganya. Ronnie Rondell, mtu wa kazi za hatari kwenye filamu, alivalishwa nguo ya kuzuia moto chini ya suti na kofia yake chini ya wigi, akachomwa. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea usoni kwake, masharubu yakaungua, ikabidi yeye na mwenzake Danny Rogers wabadilishane nafasi na picha ikageuzwa baadaye ili ikae kama ilivyotakiwa. Storm Thorgerson wa Hipgnosis, kampuni ya kubuni kava, ndiye aliyelibuni wazo: salamu ya mkono ambayo haina mtu ndani yake.

Picha nyingine zinakwenda hivyohivyo. Mtu kajitosa ziwani Mono kichwa chini na maji hayajarusha hata tone. Mchuuzi jangwani hana uso, hana vifundo vya mikono wala vya miguu, ni suti imesimama. Kitambaa chekundu kinapeperuka upeponi. Na juu ya yote hayo walifunika kava nzima kwa plastiki nyeusi, yaani ununue kava usiyoiona, ikabaki stika tu ya mikono miwili ya roboti ikisalimiana. Watu wa lebo walikasirika, na santuri ikashika namba moja Uingereza na Marekani pamoja na plastiki yake.

Hatua ya tano: rudia, ila chagua mtu mmoja wa kumfuata

Acha siku kadhaa zipite. Mara ya pili usisikilize kila kitu, mfuate Wright peke yake, kila wimbo jiulize kinanda kiko wapi. Watu wanamsifia Gilmour na wana haki, lakini ndiye Wright anayefungua na ndiye anayefunga, na katikati yeye ndiye hewa wanayopumua wengine. Alifariki Septemba 2008, na Gilmour amesema mara nyingi kuwa bila yeye hakuna Pink Floyd tena. Mara ya tatu soma maneno huku unasikiliza. Mara ya nne fanya utakavyo.

Kama unapiga gitaa, utangulizi wa wimbo wa Wish You Were Here ni mazoezi mazuri kwa anayeanza: Em7 kwenda G, rudia, halafu Em7 kwenda A7sus4, rudia, umalizie G. Vidole viwili vya chini, cha mwisho na cha pete, viweke kwenye nyuzi mbili nyembamba, freti ya tatu, uviache hapohapo kwa Em7, G na hata A7sus4, ndipo ule mlio wake unapatikana. Jirekodi kwa simu ukipiga hizo kodi, weka simu mbali kidogo mezani, icheze, na wewe upige solo juu yake. Utakuwa umefanya walichofanya wao, na utaona ugumu uko kwenye kuacha nafasi.

Ikiwa imekukataa kabisa

Inatokea. Jaribu kuanzia wimbo wa tatu, Have a Cigar, uende mpaka mwisho, dakika kama 23, halafu siku nyingine ndio uanze mwanzo. Au tafuta video ya tamasha la Live 8, Hyde Park London, tarehe 2 Julai 2005, wote wanne wamepanda jukwaa moja baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kununiana, Waters anasema wimbo wa Wish You Were Here ni kwa ajili ya wote ambao hawapo, hasa Syd. Syd mwenyewe alikuwa hai bado, yupo Cambridge nyumbani kwake anatunza bustani na kuchora. Alifariki Julai mwaka uliofuata.

Ikiwa imekukubali

Basi njia ziko mbili. Rudi nyuma mpaka 1967, The Piper at the Gates of Dawn, umsikie huyo kijana anayeliliwa, utashangaa alivyokuwa mchangamfu. Au nenda mbele mpaka Animals ya 1977, kule ndiko zilikokwenda zile nyimbo mbili ambazo Gilmour alitaka na Waters akazikatalia, zikiwa zimebadilishwa majina kuwa Dogs na Sheep. Huko hakuna huzuni ya rafiki, kuna hasira, na Dogs peke yake ni dakika 17, kwa hiyo pakua mapema.